Kifo Chumbani, Sheria Mlangoni

Tarehe 17 Septemba 1887, duka moja katika barabara ya Strand, London, liliteketea kwa moto. Mwenye duka, Leon Serné, alikuwa akiishi humo na mke wake, mabinti wawili na wavulana wawili, pamoja na mtu aitwaye Goldfinch. Mvulana mmoja, Sjaak, alikuwa na ulemavu wa akili. Alikufa katika moto ule.

Uchunguzi ulipoanza, mambo yalijitokeza moja baada ya jingine. Serné alikuwa na madeni. Wiki mbili na siku kadhaa kabla ya moto, tarehe 1 Septemba, alikuwa amekata bima ya bidhaa za duka kwa pauni 500, ya samani kwa pauni 100, na ya kodi ya pango kwa pauni 100 nyingine. Vitu vyote vilivyokuwamo dukani, kwa makadirio ya upande wa mashtaka, havikuzidi thamani ya pauni 30. Halafu likaja lile lililowashtua watu kuliko yote: baba huyo alikuwa amekata pia bima ya maisha ya Sjaak, yule mtoto mlemavu. Serné na Goldfinch wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua kwa kukusudia.

Upande wa mashtaka haukulazimika kuthibitisha kwamba baba alitaka mwanawe afe. Ilitosha kuthibitisha kwamba alichoma nyumba makusudi. Kuchoma nyumba ni kosa kubwa la jinai, na kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, mtu aliyesababisha kifo akiwa katika kutenda kosa kubwa alihesabiwa muuaji, awe alikusudia kifo hicho au hakukikusudia. Nia ya kutenda lile kosa jingine ilishika nafasi ya nia ya kuua. Kanuni hii ilikuwa na umri mkubwa. Mwanasheria Edward Coke, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1644, miaka 10 baada ya kufa kwake, aliandika kwamba mtu akimpiga mshale paa katika shamba la mwenzake kwa nia ya kumwiba, na mshale ukampata mtoto aliyejificha kichakani, mtu huyo ni muuaji. Jaji Michael Foster akaja mwaka 1762 na mfano wa kuku: anayempiga risasi kuku wa jirani ili amwibe, akamuua binadamu kwa bahati mbaya, naye ni muuaji. Zama hizo hata wizi ungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, kwa hiyo wachache walijali kutofautisha. Adhabu za makosa mengine zilipopunguzwa katika karne ya 19, ukali wa kanuni hiyo ukabaki wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Jaji wa kesi ya Serné alikuwa James Fitzjames Stephen, na huyu inafaa tumtazame kwa utulivu kwa sababu mkono wake ulifika mpaka kwetu. Alikuwa India kati ya mwaka 1869 na 1872 akitunga sheria za serikali ya kikoloni. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo baadaye ilitumika katika mahakama za Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ni kazi yake. Aliporudi kwao alikusanya sheria zote za jinai za Uingereza katika kitabu kimoja, kilichotoka mwaka 1877. Humo alieleza dhamira ovu inayomfanya mtu awe muuaji, akaipanga katika mafungu: nia ya kuua au kujeruhi vibaya, kujua kwamba kitendo chaweza kuleta kifo, na fungu la tatu, nia ya kutenda kosa kubwa lolote lile.

Miaka 10 baadaye, mbele ya wananchi 12 wa juri, Stephen alilitilia shaka fungu lake mwenyewe. Aliwaambia kwamba hadhani ule mfano wa kuku ni sheria kweli. Sheria iliyo ya haki, alisema, ni kwamba kitendo kiwe chenyewe kinajulikana kuwa hatari kwa maisha, kifanywe ili kutenda kosa kubwa, kisha kilete kifo. Akawapa mfano wa mwanamume anayemkaba mwanamke shingo ili ambake, mwanamke akafa: huyo ni muuaji hata kama hakutaka kifo. Mtu anayewasha moto nyumbani huku watu wamo ndani ni vilevile. Juri wakasikiliza, wakapima ushahidi, wakawaachia huru washtakiwa wote wawili.

Sina sababu ya kubishana na uamuzi wa juri. Wao ndio waliowaona mashahidi. Kinachonisumbua ni maswali ambayo kesi ile haikulazimika kuyauliza. Sheria ilitaka kujua juu ya moto, juu ya bima, juu ya deni. Haikuwa na haja ya kujua mtoto yule alikuwa akiishije kabla ya moto. Alilala wapi? Nani alimlisha? Nani alimwangalia mzazi aliyeweka bei juu ya uhai wa mwanawe dhaifu? Kanuni ya kosa kubwa iliangalia tendo moja, siku moja. Maisha ya mtu asiyeweza kujitetea yalipita nje ya macho yake.

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 1893, katika kesi ya mwanamke aitwaye Kate Instan. Instan aliishi na shangazi yake mwenye miaka 73. Hakuwa na kipato. Kula, kulala na kuvaa kwake kulitoka katika fedha za bibi huyo. Bibi alikuwa mzima wa afya mpaka siku zake za mwisho, ndipo mguu ulipoanza kuoza. Kwa siku kumi hivi hakuweza kuinuka wala kuita mtu. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu. Wachuuzi walileta vyakula mlangoni kama kawaida, vikalipiwa kwa fedha za bibi, Instan akavipokea na kula. Shangazi hakupewa. Daktari hakuitwa. Majirani walizungumza na Instan, naye hakuwaambia neno.

Wakili wake alimtetea kwa hoja iliyokuwa na nguvu: hapakuwa na mkataba wala sheria ya Bunge iliyomlazimisha mtu kumuuguza shangazi yake. Jaji Mkuu, Lord Coleridge, aliikataa. Alisema si kila wajibu wa utu ni wajibu wa kisheria, lakini kila wajibu wa kisheria una mizizi katika utu, na mwanamke anayekula chakula cha mgonjwa kwa fedha za mgonjwa ana wajibu wa kumpa mgonjwa huyo chakula hicho. Instan alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwangu mimi hukumu ile fupi ina uzito kuliko kurasa zote za mifano ya paa na kuku, kwa sababu iliingia chumbani, ikamwona mgonjwa kitandani, ikamtazama na yule aliyekuwa akila mezani.

Njia hizi mbili ziliendelea sambamba bila kukutana. Mwaka 1920 Bunge la Malodi, lililokuwa pia mahakama ya mwisho ya rufani, liliamua kesi ya Beard, mwanamume mlevi aliyembaka msichana wa miaka 13 na kumziba pumzi hadi akafa. Ule mfano aliouzungumza Stephen miaka 33 nyuma ulikuwa umetokea karibu kama alivyousema, na majaji wakaridhika kwamba ni kuua kwa kukusudia. Kanuni ya kosa kubwa ikapata nguvu mpya, na miaka 10 baadaye ikapanda meli.

Mpaka mwaka 1930 mahakama za Kenya na Tanganyika zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860. Kanuni ile, iliyoanzia kwenye rasimu iliyotungwa na Mwingereza Macaulay mwaka 1837, haikuwa na sheria ya mauaji kwa njia ya kosa jingine. Macaulay aliikataa kwa makusudi. Hoja yake ilikuwa rahisi na ya haki: mwizi wa mfukoni aadhibiwe kwa wizi, kama ajali isiyotarajiwa imeleta kifo, kumnyonga hakuzuii wizi wala hakuzuii ajali. Lakini walowezi wa Kizungu nchini Kenya walikuwa wamelalamika tangu zamani kwamba wanahukumiwa kwa sheria za India, na Wizara ya Makoloni ya London ilitaka kanuni moja kwa makoloni yake ya Afrika. Ikaletwa Kanuni ya Adhabu ya 1930, yenye asili yake Queensland, Australia, na iliyopitia Nigeria. Katika maelezo ya dhamira ovu, maneno yake yanafanana mno na yale mafungu ya Stephen ya mwaka 1877. Nia ya kutenda kosa kubwa imo, bila ile shaka aliyoitamka mwenyewe katika kesi ya Serné.

Basi watu wa huku walipewa sheria kali ambayo jana yake hawakuwa nayo, na ambayo mwandishi wake alikuwa ameanza kuikimbia.

Uingereza yenyewe iliiacha mwaka 1957. Tume ya Kifalme kuhusu adhabu ya kifo, iliyofanya kazi kuanzia 1949 hadi 1953, ilipendekeza ifutwe, na kifungu cha 1 cha Sheria ya Mauaji ya 1957 kikaifuta kwa Uingereza na Wales. Tangu hapo, atakayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia lazima awe alikusudia kuua au kumdhuru mtu vibaya. Kenya na Tanganyika zilipata uhuru miaka michache tu baadaye, fungu lile likiwa bado ndani ya vitabu vyao.

Kufutwa kwa kanuni ile kulikuwa haki. Hata hivyo hakukugusa vyumba vya akina Instan, na mwaka 1975, katika kijiji cha Bolton-on-Dearne, Yorkshire, likatokea jambo la kuumiza moyo.

John Stone alikuwa na miaka 67. Hakuona vizuri, hakusikia vizuri, hakuwa na uwezo wa kunusa, na akili yake ilikuwa nzito. Aliishi na mwanamke aitwaye Gwendoline Dobinson, miaka 43, ambaye mahakama ilimweleza kuwa mtu asiyejiweza katika mambo mengi, pamoja na mwana wa Stone, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Mwaka 1972 dada yake Stone, Fanny, alihamia kwao. Alilipa kodi ya pauni 1.50 kwa wiki. Fanny aliogopa mno kunenepa, akajinyima chakula, akajifungia chumbani siku nyingi mfululizo. Walijaribu kumtafuta daktari wake wa zamani kwa miguu. Walienda kijiji kisicho chake, wakarudi. Hakuna aliyejua kutumia simu. Katikati ya Julai 1975 Dobinson na jirani walimwogesha Fanny, jirani akaona hali aliyokuwa nayo, akashauri wapeleke habari kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa wa ustawi alikuwa akija nyumbani hapo kumwona kijana mlemavu. Hakuna aliyemwambia kwamba katika chumba cha pili kuna mwanamke anayekufa. Tarehe 2 Agosti Fanny alikutwa amekufa kitandani, mwili umejaa vidonda vya kulalia, godoro limelowa uchafu.

Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba Stone na Dobinson walikuwa wamebeba jukumu la kumtunza Fanny na wakalitupa. Kifungo cha Stone cha miaka mitatu kilipunguzwa hadi miezi 12. Dobinson alipewa kifungo kilichoahirishwa. Wanasheria wengi wamesoma kesi hii kama mfano wa wajibu. Mimi kila ninapoisoma naona watu wanne dhaifu ndani ya nyumba moja, na serikali iliyokuwa ikibisha hodi kwa ajili ya mmoja tu kati yao. Ni haki Fanny alipwe haki yake. Lakini mzigo wote kutwikwa wawili ambao nao walihitaji kushikwa mkono, hilo ni gumu kulimeza.

Kuna tatizo jingine ambalo wajibu peke yake haukulitatua. Mtu asiyejiweza anapopigwa hadi kufa ndani ya nyumba ya watu wengi, na kila mmoja akakaa kimya, ni nani ashtakiwe? Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilifuta hukumu ya wazazi wawili katika kesi ya Lane. Mtoto wao wa miezi 22 alikufa kwa fuvu kupasuka. Ilijulikana kwamba mmoja wao alifanya. Haikujulikana ni yupi. Wote wawili wakaenda nyumbani. Kesi za namna hiyo zilirudi tena na tena, na kimya kikawa ngao bora kuliko wakili yeyote.

Ndipo Bunge la Uingereza likatunga kifungu cha 5 cha Sheria ya Ukatili wa Majumbani, Jinai na Waathirika ya mwaka 2004, kilichoanza kutumika Machi 2005. Kiliunda kosa jipya: kusababisha au kuruhusu kifo cha mtoto au cha mtu mzima asiyeweza kujilinda. Kwa mtu mzima, sheria ilimtaja mwenye umri wa miaka 16 au zaidi ambaye uwezo wake wa kujikinga na ukatili, unyanyasaji au kutelekezwa umepungua sana kwa ulemavu, ugonjwa, uzee au sababu nyingine. Mshtakiwa ni mtu wa nyumba ile, au anayeingia na kutoka humo mara kwa mara hadi ahesabiwe wa nyumbani. Upande wa mashtaka hautakiwi kusema kama yeye ndiye aliyepiga. Unatakiwa kuonyesha kwamba ama alipiga, ama alijua au alipaswa kujua kwamba kuna hatari kubwa ya mtu yule kuumizwa vibaya, akakosa kuchukua hatua ambazo mtu katika hali yake angetarajiwa kuchukua. Adhabu ilikuwa hadi miaka 14. Mwaka 2012 kosa lilipanuliwa liguse majeraha makubwa hata kama mtu hakufa, na mwaka 2022 adhabu ya kusababisha au kuruhusu kifo ikafikishwa kifungo cha maisha.

Jaribio kubwa la kwanza kwa upande wa watu wazima lilitoka Leeds. Msichana wa miaka 19 aliletwa kutoka Pakistan kuolewa. Hakujua Kiingereza, hakuwa na ndugu wa kwao karibu. Mei 2006 mume wake alimuua baada ya kumpiga kwa wiki kadhaa. Mbavu zilivunjika, michubuko ilitapakaa mwili mzima. Mume alihukumiwa kwa kuua. Wakwe na ndugu wa mume walioishi nyumba ile walishtakiwa kwa kuruhusu, wakatiwa hatiani mwaka 2008. Wakakata rufaa wakidai kwamba binti mzima wa miaka 19, aliyefika akiwa na afya yake, hawezi kuitwa mtu asiyeweza kujilinda. Katika hukumu ya rufaa ya mwaka 2009, kesi ya Khan, majaji walisema udhaifu unaweza kuwa wa muda, na kwamba hata mtu mwenye nguvu zake huweza kufika mahali asiweze tena kujikinga. Rufaa ikatupwa.

Hapo ndipo naona sheria ilipopiga hatua ya kweli. Iliwauliza waliokuwa mezani wakati mtu anaugulia maumivu chumbani: ulijua nini, na ulifanya nini?

Sheria hiyo ina makali yanayoweza kumkata asiyestahili. Mara nyingi anayeshtakiwa kwa kuruhusu ni mwanamke ambaye naye anapigwa na mwanamume yuleyule. Kumwambia angepaswa kukimbilia polisi ni rahisi kwa asiyeijua hofu ile. Kipimo cha hatua anazotarajiwa mtu katika hali yake kimewekwa ili kumlinda, na ni juu ya majaji kuhakikisha hakigeuki maneno matupu.

Marekani imeshika njia tofauti. Majimbo mengi bado yana kanuni ya kosa kubwa, na Florida imeweka unyanyasaji mkubwa wa mzee au mtu mzima mlemavu katika orodha ya makosa ambayo kifo kikitokea ndani yake, mtendaji huhesabiwa muuaji wa daraja la kwanza. Nia ni njema. Ila kanuni ile humfuata mtendaji wa kosa peke yake, na adhabu yake ni ya juu kabisa. Haimfikii mjomba aliyefunga mlango ili asisikie.

Na sisi je? Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinasema dhamira ovu inathibitishwa na nia ya kutenda kosa kubwa. Kwa Kenya, kosa kubwa ni lile lenye adhabu ya miaka mitatu au zaidi, na wizi wa kawaida umo. Kifungu cha 200 cha Tanzania kinataja kosa lenye adhabu inayozidi miaka mitatu. Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliiambia Tanzania kwamba hukumu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya uhai. Lakini hukumu hizo ziligusa adhabu, si kanuni yenyewe. Maana yake ni kwamba jambo la kuku wa jirani halijaisha kwetu.

Kanuni zetu zinasema pia kwamba mwenye kumtunza mtu asiyejiweza kwa umri, ugonjwa au akili ana wajibu wa kumpa mahitaji ya uhai. Huo ni urithi mwema. Kinachopungua ni sheria inayomgusa mwana-nyumba asiye mtunzaji, anayeona bibi amefungiwa chumba cha nyuma bila maji, kijana mwenye ulemavu amefungwa kamba, mjane anapigwa ili aachie shamba, halafu anasema ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa na kutunzwa na familia zao na Serikali. Haki hiyo inahitaji meno ndani ya Kanuni ya Adhabu.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Nairobi na Dodoma wafanye mambo mawili kwa pamoja. Wafute fungu la mwaka 1930 linalomfanya mtu muuaji kwa ajali iliyotokea katika kosa jingine. Watunge kosa la kuruhusu kifo au jeraha kubwa la mtu asiyeweza kujilinda, na waandike ndani yake ulinzi kwa mwana-nyumba anayepigwa na yuleyule mtesaji. Nawe msomaji, kama katika ukoo wako au mtaani kwako kuna mtu aliyefungiwa, usingoje sheria hiyo. Nenda leo kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu, mtaje mtu huyo kwa jina, na usiondoke mpaka waandike.